Kitako Kinachong'aa Kuliko cha Karaha

Jumatatu, 1 Juni 2015. Louisville.
Nimenunua bunduki! Ya Kirusi, ya mwaka 1938, imelala ndani ya grisi tangu kabla baba yangu hajaoa. Mke wangu Veridiana akauliza kama tulikimbia bunduki Uvira ili nimletee nyingine juu ya kitambaa chake cha meza. Nilikuwa na hoja nne. Ya kwanza: hii haina risasi. Hakungoja ya pili.
Lakini lazima. Kaka yake, Karaha wa Tonawanda, anayo ya aina hiyo hiyo. Tumepatana kwa simu: kila mmoja atengeneze yake, tukutane kwenye mashindano ya silaha za kale Columbus, tarehe 13. Atakayeshindwa atasimama kanisani siku ya ubatizo wa binti yangu Séphora na kusema: "Shemeji ni fundi kunipita." Mara tatu. Mbele ya kwaya!

Jumatano, 3 Juni.
Grisi imeingia hadi ndani ya mti wa bunduki. Nikakifungua kitako chake, nikakifunga kwa karatasi ya aluminiamu, nikakitia katika oveni. Ushindi! Grisi ilitiririka kama jasho la mwanasiasa. Jioni Veridiana akachoma kuku humo humo. Binti yetu mkubwa, Grâce, akaonja, akasema kwa Kiingereza kwamba kuku ana ladha ya gari. Nikamwambia historia nayo ina ladha yake. Nimehamishiwa gereji.

Jumamosi, 6 Juni.
Karaha ametuma picha. Kitako chake kinang'aa. Nimeipanua hadi nikaona ukucha wake. Chini ameandika: bon, shemeji, anza kujizoeza hotuba yako. Hotuba! Ananiambia mimi, niliyeandika barua za wazi kumi na saba kambi ya wakimbizi, na mbili zikajibiwa!
Nikanunua msasa wa aina tano. Mti wangu ulijaa mihuri: nyota, herufi za Kirusi, na jina la askari fulani lililochongwa kwa kisu. Uchafu mtupu. Mimi na Karaha tulijifunza useremala karakana moja, ya misheni, kwa Bruda mmoja: alama ikionekana kwenye ubao, fimbo mbili. Nimesugua kwa saa sita. Hakuna alama. Hakuna fimbo.

Jumatano, 10 Juni.
Nimepaka vanishi mara ya saba. Leo nimenyoa ndevu nikijitazama kwenye kitako.
Klabu ya Columbus imetuma kanuni, kurasa nne. Nimesoma wa kwanza. Umeandikwa vibaya, hoja zinajirudia. Nimewatumia kurasa sita za kuwaonyesha jinsi kanuni zinavyoandikwa.

Jumamosi, 13 Juni. Columbus.
Nikafunua blanketi. Jaji, mzee Leonardi, akatazama, akavua miwani, akatafuta kiti. Aliuliza mihuri iko wapi. Nikamjibu kwa fahari: nimeimaliza yote, hata mmoja haukunishinda! Akasema polepole, kama mtu aliye msibani, kwamba mihuri ndiyo wanayoipima. Ukurasa wa pili. Sifuri kwa mti.
Nilikuwa katika hoja ya kwanza kati ya tano niliposikia nyuma yangu sauti ya Karaha, akimweleza jaji mwingine habari za fimbo za Bruda. Nikageuka. Bunduki yake laini kama yai! Alikuwa amesugua hata nyota ya kwenye chuma!
Washindani walikuwa thelathini na mmoja. Karaha wa thelathini na moja. Mimi wa thelathini.
NIMESHINDA!

Jumapili, 21 Juni. Louisville.
Ubatizo. Karaha aliendesha gari kwa saa tisa ili aje kuaibika. Alisema mara mbili kwa sauti ya mbu. Nikaomba kwaya inyamaze. Akasema ya tatu. Ah! Mama Kampire, wa kiti cha mbele, akauliza kwa sauti nilikuwa wa ngapi. Nikamwambia siku ya ubatizo hatuzungumzii tarakimu. Veridiana alicheka hadi akatolewa nje pamoja na mtoto.
Mzee Leonardi ameniandikia. Ananiomba, kwa upole, nisiguse bunduki nyingine maisha yangu yote. Wivu!
Nimeshalipia bunduki nyingine, Mauser ya Kibelgiji. Ina taji kubwa baya juu ya chuma, na majani yamechongwa kuzunguka mti wote.
Karaha, nasikia, amenunua mashine ya kusugulia. Mimi nimenunua mbili.