Msaidizi Aliyeonja Chai ya Meneja

Kosta ya Njombe ilishaanza kuondoka. Ilikwenda mbele hatua tano, ikarudi nyuma tatu, konda akining'inia mlangoni na kupiga bati: "Njombe, bado mmoja! Mmoja tu!" Huyo mmoja alikuwa akitafutwa tangu saa nne.

Dirishani alikaa Letisia, binti wa Uwemba. Shangazi yake Dorkasi ndiye anayetuuzia kahawa hapa stendi ya Makambako. Letisia ana wiki tatu za kazi Njombe, msaidizi wa meneja kwenye kampuni ya kufungasha parachichi. Alikuja kumjulia hali shangazi, na sasa anarudi na bahasha ya kaki ameibana kifuani. Turubai, anayefunga maturubai ya malori na kufungua siri za watu, akaiona.

"Letisia, hiyo bahasha vipi? Umeshapandishwa cheo?"

"Barua ya kujieleza, baba mdogo. Kesho asubuhi wanataka jibu."

Benchi zima likanyanyuka. Tukahamia dirishani na vikombe vyetu.

"Soma!" akaamuru Bendera, mstaafu wa reli, aliyepungia treni za Zambia hadi bega likapinda.

Letisia akasoma: "Ueleze kwa nini siku ya Jumanne, mbele ya wageni, ulikunywa chai ya Meneja kabla ya Meneja."

Turubai akapaliwa na kahawa. "Uliinywa? Ya bosi?"

"Niliionja, funda moja. Nyumbani utampaje mtu pombe ya ulanzi hujaonja mwenyewe? Atajuaje hujamwekea kitu? Nikamimina, nikaonja, nikampa kwa mikono miwili. Wageni wote wakashusha vikombe mezani."

"Na nani alikwambia ofisini nako watu wanaonjeana?"

Letisia akamtazama Waraka. Sote tukamtazama Waraka. Huyu aliwahi kuwa tarishi wa ofisi fulani miaka sita, na tangu hapo ndiye mshauri wetu wa mambo yote yenye muhuri.

"Mimi nilisema amheshimu bosi kama mgeni wa nyumbani," akajitetea. "Sikusema amnywee chai!"

"Umemponza mtoto wa watu," Bendera akamkemea.

"Tulia wewe. Ofisi ina kanuni. Letisia, nilikupa zote, sikukupa? Bosi akitania, cheka, ila usimalize kucheka kabla yake. Usivae sweta jipya kuliko lake. Akiweka picha yake kwenye grupu la WhatsApp, usiwe wa kwanza kuandika 'Hongera Mkuu', utaitwa mnafiki. Usiwe wa kumi, utaitwa mpinzani. Kuwa wa tatu. Wa tatu ndiye anayekumbukwa."

"Na wewe ulikuwa wa ngapi?" Bendera akauliza.

"Enzi zetu hayakuwepo magrupu."

"Ndiyo maana hukukumbukwa."

Kosta ikasogea kidogo. Nasi tukasogea nayo.

"Andika hivi," Waraka akakohoa. "'Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kwa heshima na taadhima, na kwa unyenyekevu mkubwa, mimi mtumishi wako mdogo...'"

"Mpaka afike kwenye chai imeshaganda," akasema Turubai. "Andika ulikuwa unapima joto. Njombe na baridi ile, ukaona usimpe mkuu chai ya vuguvugu."

"Apime kwa mdomo?"

"Ulitaka apime kwa kidole?"

Tulicheka sana. Letisia hakucheka.

"Baba zangu, sijamaliza. Wageni walipoondoka Meneja aliniita, akafunga mlango. Akaniuliza, 'Umesikia nini? Nani anataka kunitilia sumu?' Nikamwambia ni mila tu. Akasema mtu haonji bure. Hapa chini ameandika kwa mkono wake: 'Taja jina, tuyamalize.' Na chai ile anapika dada Flora. Yuko pale miaka kumi na moja. Juzi mlinzi kamhoji mpaka analia."

Hata konda akaacha kupiga bati.

"Kawafanyia nini watu," Bendera akauliza polepole, "mpaka kikombe kimtishe?"

"Mimi bosi wangu nikimnywea chai ananiambia nioshe na kikombe," Turubai akasema, lakini hakuna aliyecheka.

Waraka akashusha sauti. "Taja mtu aliyeshaacha kazi. Ndivyo ofisi zinavyoendeshwa. Faili likipotea, kalipoteza aliyeondoka. Kiti kikivunjika, kakivunja aliyeondoka."

Dorkasi akashindilia birika kwenye jiko la mkaa hadi cheche zikaruka. "Waraka, kahawa yako imeisha."

"Mama, namsaidia! Bado yuko kwenye miezi mitatu ya majaribio. Asipotaja, anafukuzwa yeye. Na mdogo wake Nahumu shuleni atasomeshwa na nani, wewe na birika lako?"

Dorkasi akamtazama Letisia, kisha akaangalia mkaa. Letisia akainamia ile bahasha.

Mara akaja mama mmoja na kuku wawili, abiria wa mwisho. Konda akapiga bati mara mbili. Letisia akaomba kalamu. Ya Waraka, ambayo huichomeka mfukoni kila siku kama bado anaitwa ofisini, haikutoa wino. Akaazima ya konda, akaandika juu ya goti, gari likitembea. Sisi wazee tukalikimbilia pembeni, kahawa ikitumwagikia makotini.

"Tusomee basi!"

Akatoa kichwa. "'Mimi ni wa Uwemba. Kwetu anayemimina ndiye anayeonja. Chai ya Flora haina kosa. Jina la kutaja ninalo moja, langu.'"

"Hujaweka heshima na taadhima!" Waraka akapiga kelele huku akihema.

Kosta ikashika lami.

Flora bado anapika chai pale pale. Meneja siku hizi anakuja na chupa ya chai kutoka nyumbani kwake. Letisia hakuthibitishwa kuwa msaidizi. Alipelekwa bandani kupanga parachichi kwa ukubwa, kwa mshahara mdogo zaidi. Nahumu hakuacha shule, ila alihama bweni akapanga chumba na wenzake. Turubai alisindikiza lori hadi Tunduma, akaoa huko huko. Bendera alitolewa mtoto wa jicho. Dorkasi alipandisha bei ya kahawa. Mimi nilikwenda Mawengi msimu wa viazi, nikakaa kuliko nilivyopanga. Nafasi ya msaidizi wa meneja ilitangazwa, na Waraka akaomba kwa barua ya kurasa nne. Hakuitwa kwenye usaili.