Kaka Kutoka Ng'ambo

Hamdani hakwenda matangani kulia. Alifuata pilau, maana Ujiji akifa mtu mwenye uwezo wake, hata asiyemjua hurudi nyumbani ameshiba. Ila masikio yake hayakujua kushiba, na kabla sahani haijaisha alikuwa na habari yote. Marehemu Mzee Saad, mfanyabiashara aliyezoea kuvuka ziwa kwenda Kalemie, hakuacha wasia. Ameacha nyumba kubwa barabarani, ambayo wazungu wa misaada wanaililia, na mabinti wawili, Mwanakombo na Nasra. Mama yao alishatangulia. Kwa kuwa hakuna mtoto wa kiume, theluthi moja inakwenda kwa mdogo wa marehemu, Bwana Omari, naye amekwisha kusema nyumba iuzwe yote apewe chake, mabinti watajua wenyewe pa kulala.

"Angekuwepo mtoto wa kiume," mzee mmoja alisema akilamba vidole, "Omari asingepata hata msumari. Kijana nusu, dada zake wagawane nusu."

Hamdani aliacha kutafuna. Mwaka ule watu wa Zaire walikuwa wakivuka ziwa wakikimbia vita, na nani angemdai mkimbizi cheti cha kuzaliwa?

Siku ya kugawa mirathi akatokea mlangoni na kifurushi, ndevu hazijanyolewa, shati limechanika pale alipolichana mwenyewe. Lafudhi alikuwa ameiokota kwa wauza dagaa wa ng'ambo, na aliimwaga bila ubahili.

"Miye njo Ramazani, mutoto wa Saad," akamwambia shehe aliyesimamia mgawo. "Baba alikuwaka anakuya kwetu Kalemie. Mama alisema, nikipata shida nimutafute."

Omari akaruka. "Mwongo! Kaka yangu alikuwa mcha Mungu!"

"Mcha Mungu ndiye anayeoa," alisema shehe, akawageukia mabinti. "Nyinyi mnasemaje?"

Mwanakombo, yule mkubwa, alimkazia Hamdani macho mpaka jasho likamtoka.

"Kidevu," alisema polepole. "Nasra, hebu tazama kidevu. Baba mtupu!"

"Ndiye!" aliitikia Nasra. Mwanakombo akamwangukia Hamdani shingoni akilia kwa sauti. Hamdani alijipapasa kidevu kwa siri. Tangu azaliwe, hakuna aliyewahi kukisifia.

Mabinti wamekiri mbele ya mashahidi, shehe angefanya nini? Alitangaza kuwa marehemu ana mtoto wa kiume na Omari hana fungu. Omari akakaa chini pu! Moyo wa Hamdani ulijaa furaha; alikwisha kuona kodi ya wazungu ikiingia kila mwezi, naye kajinyoosha kibarazani.

"Sasa ile nusu yangu..." alianza.

Nje ikapigwa honi. Nasra, aliyekuwa amechomoka wakati wa vilio, alishuka kwenye lori, kiti cha mbele, pamoja na afande.

"Yuko wapi Mzaire asiye na kibali?" afande aliuliza. "Lori la kambi ya wakimbizi linaondoka."

"Afande, mimi bwana..." Lafudhi ilidondoka yenyewe. Omari akainua kichwa. Mwanakombo akawahi kumkumbatia kaka yake na kumnong'oneza sikioni.

"Hamdani wa Mwanga. Ulimuuzia mume wangu injini ya boti isiyo na kitu ndani. Ukisema si kaka yetu, utakwenda polisi. Ukiwa kaka, kambini kuna unga na maharage, ila wa kambini nyumba ya nini? Tumezaliwa humu, hatutoki. Toa hiba."

Hamdani alijitoa mikononi mwake.

"Shehe," alisema, "ile nusu yangu nimewapa dada zangu. Hiba."

"Kwa hiari yako?"

Afande alikuwa akichezesha funguo.

"Yote," alisema Hamdani.

"Basi kama huyu anaondoka," Omari alidakia, "fungu langu..."

"Mtoto wa kiume yupo hai, Omari," alisema shehe. "Si yule anapanda lori?"

Mwanakombo alimfuata Hamdani na kifurushi chake, akiomboleza hivi kwamba wanawake wa mtaa mzima walilia naye. Kaka tumempata leo, tumempoteza leo! Hamdani alijua kazi nzuri akiiona. Iliyomuuma ni kwamba safari hii malighafi alikuwa yeye.

Lori lilipoondoka, bibi mmoja aliyekalia sufuria zake alimsogezea nafasi.

"Karibu, mutoto wangu. Weye unatoka wapi?"

"Kalemie, mama."

Uso wa bibi ukachanua. "Kalemie! Kule njo kwetu! Mutaa gani? Mutoto wa nani?"

Lori zima likageuka kumsikiliza.