Ethi Chini ya Mlimau

Jumatatu, 2 Februari

Colin Polkinghorne kaniaibisha hewani, klabu nzima ya redio ikisikia! Eti redio yangu inavuma kama friji ya marehemu mama yake. Wivu tu. Yeye ndiye huita majina ya wanachama kila Jumapili asubuhi, miaka nenda miaka rudi, na anajua kiti hicho nakitaka. Nimeomba kugombea. Kamati imekubali kwa sharti moja: Jumamosi Colin aje anikague. Ukisikika mvumo, nisahau. Hautasikika. Mimi Neville Treloar si mtoto wa jana.

Jumanne, 3 Februari

Nimeugundua ugonjwa: ethi. Waya wangu wa kumwaga umeme mchafu ardhini unaishia kwenye udongo wa mji wetu wa Moonta, mkavu kama biskuti. Sasa umeme uende wapi? Nimezunguka ua mzima nikitafuta unyevu. Upo mahali pamoja tu: chini ya mlimau wa mke wangu Lorraine. Sababu inajulikana. Tukichoma nyama hapa, mwanamume haingii chooni. Huenda kuunywesha mlimau, kama baba yake alivyofanya. Mkojo una chumvi, na chumvi hupitisha umeme. Akili ni mali!

Nimepigilia fimbo ya shaba pale shinani na kuvuta waya mtupu, usio na ganda, kutoka kibanda changu cha redio hadi huko. Lorraine kaja kuuliza mlimau wake unaumwa nini hadi utundikiwe dripu. Nikamwambia hiyo ni sayansi. Kasema mlimau ukikauka, na mimi nitakauka.

Alhamisi, 5 Februari

Mvumo umepungua! Au masikio yamezoea. Dosari ndogo: nikizungumza redioni, mlango wa gereji unafunguka wenyewe. Lorraine analalamika. Ashukuru, wenzake wananunua rimoti.

Nimemaliza birika zima la chai ili ethi isikauke. Wajibu ni wajibu.

Jumamosi, 7 Februari

Siku kubwa. Colin kaja na pasti zake mwenyewe, vile vimkate vya nyama, kwa sababu Lorraine hutia karoti kwenye za kwetu, na kwa Colin karoti ndani ya pasti ni dhambi. Kasikiliza redio yangu. Kimya! Kainamisha kichwa, kasikiliza tena, akitafuta kosa kwa tochi. Hakuna. Kasema sawa, basi, sasa nizungumze nayo, ila kwanza anakwenda kuuona mlimau. Bia zilikuwa zimemfikia.

Sikuweza kusubiri. Nikabonyeza kitufe.

Kumbe Colin ana goti bovu. Alikuwa ameushika waya wangu ili asianguke. Yowe lake limesikika hadi gatini, kule baharini. Nimemkuta ameketi chini, suruali magotini, anapuliza vidole. "Umeniua, Treloar! Umeniua hata sijafunga zipu!" Lorraine naye: "Nev, zima hilo takataka lako, umemchoma mgeni wa watu!"

Nilimhurumia, kweli. Kama dakika moja hivi.

Daktari kamfunga mkono wa kulia bandeji. Hawezi kubonyeza kitufe. Jioni kamati ikapiga simu, kwa shingo upande: kesho majina niite mimi. Mungu hamtupi mja wake!

Jumapili, 8 Februari

Nimevaa tai. Nimeita majina yote. Hakuna aliyejibu. Nikarudia, polepole, kwa sauti nzito ya mwenyekiti. Kimya. Nidhamu ya ajabu! Colin hajawahi kusikilizwa hivyo.

Kisha simu mbili. Ya kwanza kamati: hewani wamesikia mvumo mtupu, kiti kinabaki kwa Colin. Ya pili mchungaji, anafoka. Katikati ya sala, spika za kanisa zimeanza kuita watu kwa majina, kutoka juu, moja baada ya jingine. Bibi mmoja kamuaga mwenzake kabisa. Colin, ambaye leo hakuwa na kazi hivyo akamfuata mkewe kanisani, kaitwa mara ya pili, akasimama na bandeji yake, mweupe kama karatasi, akajibu: "Nipo, Bwana!"

Basi ushahidi upo. Mkaguzi mwenyewe kanisikia, neno kwa neno, bila mvumo, na bila hata redio! Kamati itajirudi.

Paa la kanisa lote ni mabati. Ethi ya ukubwa ule sijapata kuiona. Kesho nakwenda kumwomba mchungaji ngazi.