Injini ya Mvuke Uani Kwangu, Unyambwa

Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimeamua. Severina, mke wangu, hatapeleka tena alizeti Utemini kwa Enock. Wiki iliyopita umeme ulikatika mara tatu, na kila mara akina mama wa kikundi cha Severina walishinda juani wakisubiri mashine yake ya kukamua mafuta. Enock aliwaambia wavumilie. Mimi aliniita fundi maneno, mbele yao.

Mashine yangu itakula kuni na kunywa maji. Treni nzima zilivutwa kwa mvuke. Gunia sita za alizeti ni kitu gani?

Nimemwambia Severina awaite wenzake Jumamosi. Akauliza mashine iko wapi. Nikasema iko kichwani. Alikitazama kichwa changu, kisha akaenda kuwaita.

Jumanne, 3 Juni
Kwa Mzee Chrispin, aliyekuwa akichochea moto kwenye treni za mvuke ujanani mwake. Nilimpa shikamoo, nikatoa daftari. Akaeleza vizuri: maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara elfu. Mvuke unaisukuma pistoni ndani ya silinda, valvu inaugeuzia njia, pistoni inarudi, mkono wa chuma unazungusha gurudumu. Ndiyo hivyo tu.

Mwishoni akanishika mkono. "Valvu ya usalama usiiguse, mwanangu. Mvuke ukikosa mlango, unajitobolea wenyewe."

Hilo nimeliandika kwa herufi ndogo. Ukurasa ulikuwa unaisha.

Alhamisi, 5 Juni
Siku mbili za kuchomelea. Pipa la mafuta ndilo la kuchemshia, na valvu ya usalama juu yake. Silinda ya pampu mbovu. Gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe. Mkanda unaenda hadi kwenye mashine ya mkono ya kikundi, ile inayowachosha mabega.

Jaribio la kwanza: pistoni ilikwenda, ikagoma kurudi. Severina alipita na ndoo, akauliza mvuke ukishamaliza kazi unatoka kupitia wapi. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya kiufundi. Kwa kweli tundu la kutokea nilikuwa nimeliziba, mvuke usipotee bure. Alipoingia ndani nikalizibua. Gurudumu likazunguka mara nne. Nilikaa chini kwa furaha.

Ijumaa, 6 Juni
Nguvu haitoshi. Valvu ya usalama inapiga miluzi na kutoa mvuke kabla gurudumu halijashika kasi. Enock alisimama nje ya ua, akauliza kama tunapika makande ya msiba. Nilichukua koleo. Valvu nimeifunga kwa waya.

Jumamosi, 7 Juni
Wamekuja wanane, pamoja na mwenyekiti wao, Mama Dorika. Moto mkali. Gurudumu likashika kasi, mkanda ukavuta, mafuta yakaanza kuchuruzika kwenye sufuria. Severina alinitazama kama alivyonitazama mwaka tulipooana. Hilo hakuna atakayeninyang'anya.

Ndipo Mama Dorika akasema pipa linavimba. Nikasema linapumua. Severina aliwasukumia wenzake nyuma ya nyumba, akanivuta na mimi kwa shati.

Pipa lilipasuka kwenye mshono. Bati la jikoni likaenda shambani kwa jirani. Maji ya moto yakamwagika juu ya gunia zote sita, alizeti ikachanganyika na tope. Hakuna aliyeumia. Nilikuwa wa kwanza kusema hivyo, nikaona si sifa.

"Ungetuua leo, Fabiano," Severina alisema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Jumapili, 8 Juni
Enock amewapa akina mama sakafu yake ya saruji waanike alizeti. Hata shukrani hakutaka. Limeniuma kuliko masikio yanavyoniuma tangu mlipuko.

Baada ya ibada nilimwomba Mama Dorika radhi mbele ya wote. Nimeahidi gunia mbili za shamba langu. Alisema amenisamehe, ila nisimsogelee na kitu kinachochemka, hata chai.

Severina alitaka niape. Nikaapa, mkono juu, kutoka moyoni: katika uwanja huu hakutawashwa tena injini ya mvuke.

Mchana nimempigia kaka yangu Alute, kule Sepuka. Anasema uwanja wake ni mpana, na kuni zipo.