Mizigo ya Carcassonne

Siku ile Dalmar alikuwa na njaa ya pesa kuliko ya chakula, ndiyo maana alikuwa anakunywa chai tupu kwenye mkahawa wa Khatib, Stratford Road, hapa Birmingham, sikio likiwa meza ya pili. Watu wengine wa Sparkhill wana maduka. Yeye ana sikio na ulimi, na pango halipi.

Meza ya pili alikaa Mama Annonciata wa Bukavu, kiongozi wa akina mama wa kanisa moja la Wakongomani kule Aston, akimlalamikia mwenzake Fortunée. Kila mwaka, alisema, akina mama wanapelekwa likizo pwani ya Weston, na kila mwaka ni matope na upepo tu. "Kule hata bahari inakimbiaka batu," alisema. Mwaka huu anataka Ufaransa. Anataka mji wa kale wenye kuta na kanisa la mawe, mahali atakapomuuliza mtu njia kwa Kifaransa ajibiwe bila kuombwa arudie. Na lazima pawe na mashamba ya mizabibu, maana mzabibu wanauimba kila Jumapili na nusu yao hawajawahi kuuona.

Dalmar akaweka kikombe chini.

Ngoja nikueleze Dalmar ni nani, maana huenda wewe si wa hapa na bado hajakuuzia kitu. Ni Msomali wa Eastleigh, Nairobi, aliyepitia Rotterdam akatua Birmingham na suti moja nzuri na maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Ametuuzia asali ya Yemen iliyochemshwa jikoni kwake kwa sukari ya dukani. Mimi nilinunua chupa mbili, na nilipoujua ukweli nikanunua ya tatu, kwa sababu alinieleza kwamba zile mbili ziliharibiwa na husuda za washindani. Mtu anayesimulia habari za wajinga ni vizuri awe na uzoefu.

Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye ulimi wa Dalmar ulikuwa umemshindwa, naye ni mkewe, Sirad. Miezi kadhaa nyuma Sirad alifunga virago akahamia kwa kaka yake Tyseley. Hakugomba wala hakulia. Alisema tu, "Dalmar, siku utakapofanya kitu kimoja ulichosema utakifanya, nitarudi." Tangu hapo Dalmar anakula wali wa jana akiwa amesimama jikoni, na usingizi anaupata kwa shida. Alimtaka mkewe, hilo halina mjadala. Lakini mtu akishazoea njia za mkato, hata toba anaitafutia uchochoro. Akajiambia dawa ni kupata fungu nono, amnunulie Sirad dhahabu, aseme ni faida ya biashara halali.

Kwa hiyo alinyanyuka, akafunga kifungo cha koti, akaisogelea meza ya pili.

"Samahani mama zangu, nimesikia mkiitaja Ufaransa, moyo ukaruka. Mimi nina nyumba huko. Carcassonne."

Jina hilo alilijua kwa sababu ya jino bovu. Kwa daktari wa meno kulikuwa na kalenda yenye picha ya mji huo, na Dalmar, ambaye hapiti kitu cha bure bila kukichukua, aliipiga picha kwa simu huku shavu likiwa limevimba. Sasa akaitoa. Kuta za kale, minara iliyochongoka, na mbele yake mizabibu safu kwa safu. Nyumba yake, alisema, ni ile kule nyuma ya mti, paa linaonekana kidogo.

Mama Annonciata aliitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole, akaangalia na lile paa. Akauliza vitanda ni vingapi. Dalmar akamrudishia swali kwa adabu, wao wako wangapi. Kumi na wawili. Basi, alisema Dalmar, Mungu hana mchezo, vitanda ni kumi na viwili.

Fortunée akauliza imekuwaje Mwislamu akawa na shamba la divai.

"Mimi nina nyumba, mama," Dalmar akajibu. "Zabibu ni za jirani."

Jumapili alialikwa kanisani, akasimama mbele ya akina mama na ile picha, na arbuni ikakusanywa palepale. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Angejificha siku chache Leicester kwa binamu yake, kisha arudi na uso wa msiba aseme paa limeanguka na arbuni yote imemezwa na mafundi. Wangempa pole. Sisi tukitapeliwa vizuri huwa tunampa pole aliyetutapeli.

Ila ili aonekane mtu wa maana akaongeza neno moja. Akasema wiki ijayo atasafiri mwenyewe kwenda kuikagua nyumba.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo Mwingereza hawezi kulifanya hata akisomeshwa. Mwingereza akisema anasafiri, wenzake humtakia safari njema. Kwetu ukisema unasafiri, unaulizwa una nafasi ya kilo ngapi.

Wa kwanza kufika mlangoni kwake alikuwa Mzee Raphaël, na furushi la dagaa wakavu la kupelekewa mtu mmoja Carcassonne kwenyewe, jina lake Néhémie. Akafuata mama mwenye kitenge cha harusi cha kwenda Narbonne. Yakaja mawese kwenye chupa za soda, yakaja mawigi, ikaja dawa ya mgongo ya bibi wa mtu. Habari zikavuka barabara zikaingia msikitini, na Wasomali nao hawakutaka kuachwa nyuma. Wakaleta halua na uvumba, na mmoja akaleta zulia. Sebule ikajaa hadi televisheni ikawa haionekani.

Dalmar alikaa katikati ya mizigo ile akajicheka kwa uchungu. Kuikataa ni kukiri kwamba hasafiri. Kuitupa haiwezekani, kila mzigo una shangazi anayeungoja na simu mkononi, na usipofika leo, kesho Birmingham nzima inajua. Kuuza asali ya uongo ni kazi, alijiambia, lakini kuuza dagaa wa mzee wa watu ni laana. Bado alikuwa na wazo la kuiacha yote kwa binamu yake Leicester na kuzima simu.

Ndipo Sirad alipobisha hodi.

Hakuvuka kizingiti. Aliitazama ile sebule, akatoa kifurushi kidogo cha kitambaa cha buluu, gauni la mama yake mdogo, Rukiya, aliyeko Toulouse.

"Nasikia unakwenda Ufaransa."

"Ndiyo."

"Kweli unakwenda?"

Dalmar amewahi kuwadanganya maofisa wa uhamiaji wa nchi tatu bila kupepesa macho. Safari hii macho yalipepesa.

"Kweli," akasema. Sirad akamwachia kifurushi, akaenda zake.

Basi akaenda. Mtu aliyepanga kufika Leicester alifika Ufaransa, kwa mabasi ya kubadilisha, na masanduku ambayo kila dereva alimtoza kivyake. Arbuni ikaanza kuliwa kabla hata ya kuiona bahari. Toulouse, Mama Rukiya alilivaa gauni juu ya nguo zake, akalia, akampikia mbuzi. Narbonne walimwombea dua ndefu hadi chai ikapoa. Kila mlango aliambiwa yeye ni mtu mwaminifu sana, na mara ya kwanza aligeuka nyuma aone ni nani anayesemwa.

Carcassonne alifika juani. Kuta ni zilezile za kalenda, na mizabibu ipo kweli, hilo lilimshangaza, hakuzoea vitu vyake kuwepo. Mjanja wa Sparkhill akaburuta masanduku juu ya mawe ya kale, magurudumu yakilia, na watalii wawili wakampiga picha wakidhani yumo kwenye maonyesho ya mji.

Akiwa bado anahema, simu ikalia. Sirad.

"Mzigo umefika," alisema. Kisha akacheka kidogo. Dalmar hakuwa ameusikia ule mcheko tangu virago vifungwe. "Na nyumba yako umeikuta salama?"

"Ndiyo nakwenda kuiangalia," akasema Dalmar.

Sasa ilibidi nyumba iwepo. Alifika kwa Néhémie, mwanamume mnene mchangamfu, akamkabidhi dagaa wake, na baada ya kula akamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kama anajua nyumba ya kukodi, ya akina mama kumi na wawili. Néhémie hakuuliza hata swali moja. Alichukua funguo ukutani, akampeleka kwenye nyumba ya mawe chini ya kuta, ambayo mwenyewe huitunza kwa niaba ya tajiri fulani wa Paris. Vitanda kumi na viwili, vyote vimeshatandikwa, na nje ya dirisha mizabibu. Bei yake ilikuwa sawasawa na arbuni iliyobaki, ukiongeza na saa ya Dalmar.

Mtu mwenye akili timamu angejiuliza vitanda vimetandikiwa nani. Dalmar alishukuru bahati. Mjanja akiona kitonge kinakuja mdomoni haulizi kimetoka chungu gani.

Alirudi Birmingham mtu mwingine, angalau kwa nje. Nyumba ipo, picha zake ni za kweli, na akina mama walimpigia vigelegele. Pesa za asali aliyoiuza wiki hiyo zikaenda kukodi basi dogo la Charanjit, dereva wa Aston. Hakujali. Malipo ya pili yalikuwa yanakuja, atarudisha chake na ziada, na kiti cha mbele, karibu na dereva, alishakiwekea koti lake. Akitoka huko ataenda moja kwa moja Tyseley kwa Sirad akiwa na hoja mkononi.

Asubuhi ya safari, nje ya kanisa, alimkumbusha Mama Annonciata kuhusu ile iliyobaki.

"Iliyobaki tutamupatia Néhémie kulekule," alisema mama. "Ni kaka yangu. Baba moja, mama moja."

Dalmar akautazama mkono wake usio na saa. Na alipokuwa bado amesimama hivyo, mlango wa kanisa ukafunguka, akatoka Sirad na chupa ya chai. Akapita mbele yake, akalitoa koti lake kwenye kiti cha mbele, akamkabidhi, akaketi.

"Mnajuana?" Dalmar akauliza.

"Tuko zamu moja," akasema Sirad. "Kule kiwandani Tyseley, tunafua mashuka ya hoteli. Mwaka wa nne huu."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Ni kweli, hakuwahi kumuuliza mkewe anafanya kazi na nani. Alijua majina ya wateja wake wote na ya watoto wao, lakini hilo hakulijua, na aliona aibu ya kweli, si ile ya kuigiza.

Mama Annonciata akamweleza bila hasira. Walitaka likizo, kaka yake alikuwa na nyumba ya kuwapangisha, na kila mtu kanisani alikuwa na mizigo ya ndugu, ila kuituma kwa posta ni kilio. Mtu wa kuhangaika na yote hayo hawakuwa naye. Sirad akamwambia yuko mmoja, anakunywa chai kwa Khatib.

"Nilimwambia hivi," akasema Sirad. "Dalmar ukimwomba afanye, hafanyi. Mwache akudanganye kwanza, halafu mbebeshe mizigo."

Akina mama ndani ya basi walicheka hadi basi likatikisika. Na Dalmar, nampa heshima yake, akacheka pia, akasema amewahi kuuza maji kwa jina la asali lakini hajawahi kuuziwa uongo wake mwenyewe kwa bei ya jumla. Kisha akauliza yeye atakaa wapi.

"Vitanda ni kumi na viwili," akasema Sirad, "uliahidi mwenyewe. Na wa kumi na mbili ni mimi."

Injini ikawaka. Dalmar akashika ukingo wa dirisha. Hakuwa na saa, hakuwa na asali wala senti, na hakuwa anauza chochote.

"Sirad. Nilisema nitakwenda, nikaenda. Nilisema kuna nyumba, ipo. Nimefanya kitu kimoja au sijafanya?"

Sirad akamwomba Charanjit afungue buti. Akashuka, akatoa sanduku kubwa la kijani, akalisimamisha miguuni mwa mumewe.

"Huu ni mzigo wa Sparkhill," akasema. "Ufikishe."

"Kwa nani?"

"Kwangu. Nikitoka Ufaransa niukute chumbani kwetu."

Basi likaondoka na wimbo wao wa mzabibu. Dalmar akaliburuta sanduku hadi kituoni, akaketi juu yake, suti na yote, akalia machozi mbele za watu.

Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilidhani ni mbinu mpya, nikashika pochi yangu, nikataka kupita upesi. Akaniita kwa jina. Akanisimulia haya yote, akafuta macho, akaniambia mawe ya Carcassonne yamemharibu mgongo. Nami, mwerevu wa chupa tatu, nikalibeba sanduku lile mabasi mawili na ngazi zote za kwake, yeye akiwa amebeba koti. Chumbani akanionyesha upande wa kitanda wa Sirad, akanisihi niliweke taratibu.