Supu ya Walezi

Jumatatu, 6 Mei

Nafasi ya kudumu hapa maabara ni moja, wanaoitaka wawili: mimi na Taratibu. Namwita hivyo kwa sababu hata kizibo cha chupa hukifungua kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Mkataba wangu unaisha Juni. Mama mkwe nimeshamwambia nafasi ni yangu. Amewatangazia majirani, na ameanza kunikaribisha kiti chenye mto. Kurudi nyuma hakuna.

Mtihani: Profesa katupa seli changa za kinga, ambazo hazijaamua zitakuwa askari wa aina gani. Tuzikuze juu ya seli walezi. Walezi hawa wana protini fulani kwenye ngozi yao. Seli changa ikiigusa, inakuwa askari wa aina iitwayo seli T. Isipoigusa, inaishia kuwa B. Profesa anataka T. Kazi ya mtoto.

Jumatatu, 13 Mei

Walezi wangu wamekufa. Jana ilikuwa siku ya kuwabadilishia chakula, nami nilikuwa kwa mama mkwe nikipongezwa.

Nimemwomba Taratibu anigawie wake. Kasema nisubiri wazaliane, wiki moja tu. Wivu huo. Ngojangoja huumiza matumbo, na la kwangu limeshaanza.

Jumanne, 14 Mei

Akili ni mali. Maabara ina walezi wa kawaida pia, wasio na ile protini, wagumu kufa kama magugu. Nimewatandaza kwenye visahani vyangu, nikaweka seli changa juu. Kisha nikachukua majimaji ambayo walezi wa Taratibu huogelea humo, yale anayoyamwaga akibadilisha chakula, nikawamiminia wangu. Nayaita supu. Kama mlezi ana ujumbe, si lazima uchuruzike kidogo?

Taratibu aliuliza majitaka yake yanakwenda wapi. Nikamjibu nasaidia usafi. Akanishukuru, maskini.

Ijumaa, 17 Mei

Seli zangu zinazaana kuliko zake. Nimemwambia asivunjike moyo, si kila mtu ana mkono wa kulea. Akaniuliza nimewapata wapi walezi. Nikasema siri ya mpishi.

Nimeongeza supu maradufu. Mama mkwe kapiga simu kuuliza kama ofisi yangu mpya ina dirisha. Nimesema mawili.

Jumatatu, 3 Juni

Leo seli zimepitishwa kwenye mashine ya kutambua aina zake. Za Taratibu ni T. Zangu ni B, karibu zote. Nikalaumu mbegu. Profesa akanikumbusha kuwa mbegu ilitoka chupa moja.

Nikaeleza kuhusu supu. Profesa hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi. Alisema ile protini haifanyi kazi ikielea majini. Lazima mlezi aishikilie upande wake, seli changa iikamate upande wa pili, zivutane, ndipo ujumbe uingie ndani. Hata ukimimina supu pipa zima, alisema, bila mguso hakuna kitu. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Kisha akampa Taratibu nafasi. Nilijifungia stoo nikalia. Taratibu akagonga, akanipa kitambaa, akasema atanifundisha kulea walezi kabla sijaondoka. Nimekikubali kitambaa.

Jumamosi, 8 Juni

Mke wangu anajua yote. Kasema mama yake anataka kushona nguo ya kuja kuiona ofisi, kwa hiyo niende leo, nikae karibu naye, nimshike mkono, nimwambie ukweli usoni. Mambo haya hayapelekwi kwa mbali, kasema. Nikakubali kabisa.

Halafu nikafikiria uso wa mama mkwe. Nikamrekodia ujumbe wa sauti, nikampa shemeji ausikilize kwanza, amweleze mama kwa ufupi.

Jioni mama mkwe kapiga simu. Anauliza nguo aishone kijani au bluu, ipi itapendeza kwenye madirisha mawili.

Ni wazi tatizo ni nini. Ujumbe ulikuwa mfupi. Kesho natuma mrefu maradufu.