Skania Kwenye Kopo la Ugoro

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Wamempa Fabiani ufunguo! Fabiani! Mfipa! Mtani wangu ambaye hata mlango wa choo chake unashikiliwa na kamba ya mgomba!

Mkutano wa kikundi ulikuwa hapa Mwamkulu, mbele ya ghala jipya. Mama Specioza, mwenyekiti, alituhubiria upya kama watoto wa kipaimara. Mnunuzi wa nje anataka mahindi yasiyoguswa na dawa yoyote, tangu shambani mpaka kwenye behewa. Lakini na wadudu pia hataki kuwaona. Niliuliza kama mnunuzi huyo amewahi kuonana na mdudu. Watu wakacheka. Mama Specioza hakucheka. Akasema tuna majivu, tuna majani ya mwarobaini, tuna jua, tuna mifagio. Magunia mapya tu, yaliyokaa mbolea ni marufuku. Mkaguzi anakuja Jumatano ya wiki ijayo. Akikuta dawa, au mdudu, hata kwenye gunia moja, mzigo wote unabaki na treni inaondoka. Kikundi kwisha.

Nikaomba ufunguo. Mimi Luhende, niliyejenga vihenge vya nusu ya kijiji hiki! Wakasema kihenge changu mwenyewe kimejaa skania. Yaani yule dumuzi mweusi, mdogo kama punje ya mtama, anayesaga mahindi yakabaki unga. Akimaliza mahindi anakula mhogo mkavu. Akimaliza mhogo anakula nguzo. Ndiyo maana watu wamempa jina la lori.

Eti kimejaa! Uongo mtupu. Juu kuna nafasi.

Nikasema, mbona mahindi ya Fabiani hayana hata tundu? Anatia dawa kwa siri huyo! Mama Specioza akanijibu nilete ushahidi au nikae chini. Nikakaa. Ushahidi nitauleta.

Fabiani ameuvaa ufunguo shingoni, pamoja na rozari. Wakati wa kuondoka alichovya vidole kwenye kopo langu la ugoro bila kuomba. Ni haki yake, mtani haombi. Na mimi ni haki yangu kumchukia mpaka Pasaka.

Jumanne, 6 Agosti

Nimepata! Skania mwenyewe ndiye shahidi! Nikiwatia kwenye gunia la Fabiani wakafa, dawa ipo. Hata hakimu wa mahakama ya mwanzo angelielewa hilo.

Kuwapata haikuwa kazi. Niligonga kihenge changu mara moja, wakamwagika. Nikawatia kwenye kopo la ugoro. Ni la bati, kwa sababu skania anatoboa kila kisicho chuma. Mimi si mjinga.

Nikamkuta Fabiani anafagia ghala kama bibi harusi anayesubiri wakwe. Nikajikalia juu ya gunia. Akafoka kwamba sisi Wanyamwezi tumezaliwa kubeba mizigo, leo imekuwaje tunataka mizigo itubebe? Nikamwuliza ule ungo wake wa kusafiria usiku ameuegesha wapi, au umepata pancha. Akatoka nje kutafuta fimbo ya kunitolea.

Hapo hapo! Gunia la mbele kabisa, limeshonwa kwa uzi wa bluu, limenyooka, safi kuliko yote. La nani kama si lake? Nikalegeza mshono, nikawamimina wote. Nikatoka napiga mluzi.

Alhamisi, 8 Agosti. Nane Nane

Sikukuu yetu wakulima. Fabiani alipofungua ghala kufagia, kama kila siku, nikaenda kuangalia maiti za skania.

Wazima! Tena wamenenepa! Unga umeanza kumwagika kwenye mshono. Nimewaza mpaka kichwa kikauma, na jibu ni moja tu. Fabiani ni bahili. Ametia dawa kidogo.

Jioni nikamwuliza mke wangu Nyamizi, kwa mbali kabisa, kama Fabiani ana magunia mengi ya uzi wa bluu. Akaacha kuchambua mchicha.

“Baba Maiko, uzi wa bluu ni wetu. Niliufumua kwenye sweta lako.”

Sweta hilo nimelitafuta tangu Pasaka!

Akauliza kwa nini nataka kujua. Nikasema naipenda tu rangi ya bluu. Akarudi kwenye mchicha wake.

Kumbe gunia ni letu! Siku linapelekwa ghalani nilikuwa kwenye pombe ya Leonidas, nikamwachia Nyamizi kila kitu. Alichagua punje moja moja, akaanika, akachanganya na majivu. Mgongo ulimuuma wiki nzima. Mimi nimewakaribisha skania kwa mkono wangu! Na nyuma ya gunia letu kuna magunia ya Pudensiana, yule mjane. Amepeleka yote, nyumbani hakubakiza hata ya uji.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimeingiza kuku ghalani ili wale skania. Wamekula mahindi. Mmoja ametaga kwenye gunia la Pudensiana.

Jumapili, 11 Agosti

Moshi wa pilipili unafukuza wadudu, kila mtu anajua hilo. Nimechoma kikapu kizima nyuma ya ghala wakati watu wako misani. Sikuangalia upepo, moshi ukaingia kanisani. Kwaya ilikuwa imefika kwenye Mtakatifu, ikaishia Mta. Padre amebariki watu huku anatokwa na kamasi. Skania hawakukohoa hata kidogo.

Mama Specioza akauliza nani ana wazimu. Nikamsaidia kuuliza.

Jumatatu, 12 Agosti

Leo naandika kwa shida.

Niliendesha baiskeli mpaka Kawajense, dukani kwa Apollinarie, nikanunua kile ambacho Mama Specioza hataki hata kukisikia. Pakiti moja ya dawa ya unga. Ndiyo, ni mimi niliyemshtaki Fabiani. Lakini Fabiani angetia kwa hila. Mimi ningetia kwa dharura. Kuna tofauti.

Njiani kiu ikanikamata, nikapita kwa Pudensiana. Akanipa togwa. Akasema, “Baba, nasikia huchezi mbali na ghala. Kila siku upo kuangalia mahindi yetu. Mungu akuweke.” Kisha akanionyesha paa. Anataka kuweka bati kabla ya mvua, na hela ya mahindi ndiyo hela ya bati. Nyasi za upande mmoja ameshazishusha! Jua linaingia mpaka kitandani. Nikamwuliza mzigo ukikataliwa je? Akacheka, eti utakataliwaje na wewe upo?

Kitu kikanibana hapa kifuani. Nadhani togwa lilikuwa limechacha.

Nikageuza baiskeli. Njia yote ile, na jua lile! Apollinarie akasema kitu kikishauzwa hakirudi. Nikamwachia pakiti kaunta ikiwa bado imefungwa, nikaondoka bila kuaga.

Jumanne, 13 Agosti

Nimejitolea kufagia ghala. Fabiani alinishika paji la uso kuona kama ni malaria.

Alipotoka tu, nikafungua gunia letu nikaanza kuwaokota mmoja mmoja kwa vidole, wanaingia kwenye kopo la ugoro. Nimeokota mpaka macho yanaona skania hata ukutani. Kopo limejaa. Nikazoa na ule unga, nikashona upya. Ukiangalia, gunia zuri kabisa.

Kopo sijalimwaga. Shahidi hatupwi.

Jumatano, 14 Agosti

Mkaguzi amekuja. Binti mdogo, anaitwa Evaline, amevaa miwani na viatu vya mjini. Akanipa shikamoo yangu. Nikaona hapa hakuna tabu.

Akatoa bambo, kile chuma chenye mfereji. Unachoma gunia, kinarudi na punje za ndani. Anamwaga kwenye sahani nyeupe, anazipekua, ananusa, anahamia lingine. Ya Fabiani, safi. Ya Pudensiana, safi. Pudensiana akafanya ishara ya msalaba. Likafika letu.

Nikamwuliza binti kama ameolewa. Akasema amekuja kuangalia mahindi. Bambo likaingia. Likatoka. Punje nzima, na unga kidogo pembeni. Akauangalia ule unga.

“Majivu hayo, mwanangu,” nikamwambia.

Akatikisa kichwa kukubali! Akainua bambo! Tumepita! Wanawake wakapiga vigelegele, na Fabiani, kwa furaha yake, akazamisha mkono kwenye mfuko wa koti langu.

“Lete ugoro, Mnyamwezi! Leo hata wewe nakupenda!”

Nikasema mtani, acha. Nikasema umeisha. Tangu lini Mfipa akasikia? Akafungua kopo, akachota, akavuta kwa pua zote mbili.

Sijawahi kusikia chafya ya namna ile. Kuku waliruka. Na kwenye sahani nyeupe ya mkaguzi akatua skania mmoja, akajinyoosha, akaanza kutembea.

Evaline akasukuma miwani juu. Akauliza huyu ametokea wapi. Fabiani machozi yanamtoka, hawezi kusema, ananionyesha tu kwa kidole. Nikaeleza kwamba ninawafuga. Ndipo Nyamizi akashika kiuno.

“Rangi ya bluu! Kumbe ndiyo maana unapenda rangi ya bluu!”

Baada ya hapo kila mtu akaongea. Kuku, pilipili, sweta, vyote vikatajwa. Gunia letu likamwagwa chini, na walikuwemo wengine ndani kabisa, wametulia kama wako kwao. Ya Pudensiana hawajaingia. Bado. Pudensiana alinitazama tu. Afadhali angenitukana.

Evaline akasema ghala lote litolewe nje. Kuanika, kuchekecha, kupepeta, magunia mengine mapya. Atarudi Jumamosi asubuhi. Akimkuta skania hata mmoja, treni itaondoka tupu. Gunia letu hata asilione. Kisha akasema kitu kimoja kizuri. Skania wamenona hivi, basi dawa humu haipo kabisa.

Nikamgeukia Mama Specioza. Ushahidi si huo? Niliahidi, nimeleta! Hakufurahi.

Wakataka kunifukuza kikundini. Fabiani, pua imevimba kama kiazi, akasimama mbele yangu. Akasema huyu ni mtani wake, na hukumu ya mtani ni ya mtani, si ya mkutano. Hapo hakuna wa kubisha. Kisha akanihukumu. Kopo langu la ugoro amelichukua moja kwa moja. Na mkononi akaniwekea ungo.

“Ulikuwa unauliza ungo wa Mfipa umeegeshwa wapi. Huu hapa. Pepeta.”

Ijumaa, 16 Agosti

Siku mbili napepeta katikati ya wanawake, mzee mzima! Jana yenyewe ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria, tukapumzika misa tu. Mabega si yangu tena. Watoto wa shule wanapita njia hii hata kama kwao ni kule.

Pudensiana amepepeta karibu yangu bila neno. Leo mchana ameokota skania mmoja, akaniwekea kwenye kofia. “Baba, shika mwanao.” Wanawake wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Nikapepeta kwa kasi zaidi, sijui kwa nini.

Jumamosi, 17 Agosti

Tumepita! Evaline amechoma kila gunia, hakuna kitu. Stesheni behewa lilikuwa linanuka mbolea, Fabiani akakataa kupakia mpaka lioshwe. Nani ameliosha? Eti babu zangu walibeba mizigo, mimi siwezi kubeba ndoo? Nimelisugua mpaka likang'aa. Mzigo umeondoka. Pudensiana alipunga kanga mpaka treni ikapotea. Bati atapata.

Letu limebaki. Kuku wanalimalizia. Nyamizi haongei nami, ila chakula anapakua.

Nimekaa nimetafakari haya yote, na nimeona nilipokosea. Skania walikuwa wachache! Mahindi ya Fabiani yamepita tena bila hata tundu. Mtu wa kawaida hawezi. Dawa ipo. Mwaka kesho tunachagua upya mshika ufunguo, na safari hii nitakuja na shahidi wa kutosha.

Kwa hiyo wakati wa kupepeta nilijiwekea wale wanene wanene. Kopo analo Fabiani, basi nimewatia kwenye kibuyu. Nimekiziba vizuri kwa gunzi la hindi, nimelikandamiza mpaka likalia. Nimekificha chini ya kitanda, nyuma ya makopa ya mhogo ya Nyamizi, chakula chetu mpaka mavuno. Hapo hakuna atakayepagusa.

Kuna kitu kinatafuna huko chini. Panya hao. Kesho nakwenda kwa Fabiani kuchukua paka wake.